Baba hajui kama ana saratani ya ini, na sisi watoto tumegawanyika

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 46, mzaliwa wa Kondoa, na kwa sasa ninafanya kazi Dar es Salaam. Ni mtoto wa pili kati ya watano. Baba yetu ana miaka 78. Maisha yake yote amekuwa mkulima wa mahindi na alizeti, hakuwahi kunywa pombe wala kuvuta sigara, na mpaka mwaka jana alikuwa akienda shambani kwa miguu na kurudi kabla ya adhuhuri.

Baada ya Ramadhani alianza kulalamika kwamba chakula kidogo tu kinamshibisha, na kwamba ubavu wa kulia unamuuma, maumivu yakipanda hadi begani. Mama alidhani ni vidonda vya tumbo, akawa anampa uji wa ulezi na vidonge kutoka duka la dawa. Nilipokwenda kuwasalimia nilimkuta amekonda kiasi kwamba mkanda wake ameutoboa matundu mapya kwa msumari, ilhali tumbo lilikuwa limeanza kujaa. Tukampeleka hospitali ya rufaa. Alipigwa ultrasaundi, kisha CT skani, akatolewa na damu. Majibu yalisema ana saratani ya ini: uvimbe wa sentimita 9 upande wa kulia, ini lenyewe limejaa makovu, saratani imeshaingia kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, na damu yake ina virusi vya homa ya ini B, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulijua.

Majibu hayo tulipewa mimi na kaka yangu mkubwa tukiwa tumesimama ukumbini, baba amekaa kwenye benchi hatua chache kutoka pale. Daktari alisema kwamba kwa umri wake hakuna la kufanya, tumrudishe nyumbani tukamtunze. Foleni ilikuwa ndefu, aliongea kwa haraka, nami sikupata nafasi ya kuuliza. Kaka akaamua palepale kwamba baba asiambiwe. Tukamwambia ini limevimba na kwamba atapewa dawa.

Sasa kaka anataka tuuze shamba la baba ili tumpeleke India. Amewasiliana na wakala ambaye amemwambia tuandae shilingi milioni 40. Anasema hataki siku moja watu waseme kwamba mzee alikufa watoto wakiwa wamekalia ardhi. Mdogo wetu wa kike, anayeishi jirani na wazazi na ndiye anayemwogesha baba na kukesha naye, anasema mzee hana nguvu za safari ile. Shangazi, dada yake baba, ameleta dawa za mizizi kutoka kwa mganga wa Chemba, na aliposikia neno homa ya ini akatenga kikombe na sahani ya baba. Baba ameiona sahani hiyo. Hakusema kitu, ila siku hizi watu wakikaa kula, yeye husema hana njaa. Mama anasema tufanye tutakavyoona sisi tuliosoma.

Usiku kabla sijarudi Dar, baba aliniita akaniuliza: “Mwanangu, daktari aliwaambia nini pale mliposimama? Mbona tangu siku ile kaka yako haniangalii usoni?” Nikamjibu kwamba ni ini tu, atapona. Akanyamaza, kisha akaniomba nimfunike miguu.

Mama Mshauri, tukiuza shamba na baba akafia ugenini, tutakuwa tumempotezea mama riziki yake. Tusipouza, kaka atatulaumu maisha yote. Tukimwambia baba, naogopa atakata tamaa. Tena nimesoma kuhusu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi, nami ndiye niliyekuwa nikimsihi ahifadhi mahindi mengi ghalani asiuze kwa bei ya hasara. Je, ndiyo yaliyomdhuru? Kwa sasa maumivu yakizidi hupelekwa zahanati kuchomwa sindano ya diklofenaki, na humsaidia kidogo. Naomba ushauri wako.

Binti wa Kondoa

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake kuna maswali mengi yaliyofungwa katika fundo moja, nayo yakivutwa yote kwa pamoja fundo linazidi kukaza. Unauliza kuhusu India, kuhusu shamba, kuhusu kumwambia baba au kumficha, na chini ya yote hayo unauliza kama mmemkosea mzee wenu. Hukumu sitakupa, kwa kuwa anayejua mzee anataka nini ni mzee mwenyewe, na mpaka sasa hajaulizwa. Ila naweza kutembea nawe katika kila njia mnayoiona, tutazame inapopita.

Nianze na sentensi mliyopewa pale ukumbini, kwamba “kwa umri wake” hakuna la kufanya. Nadhani sentensi hiyo imewaumiza kuliko ugonjwa wenyewe, na huenda haikueleza alichokusudia daktari. Umri peke yake hauwi sababu ya kumnyima mtu matibabu ya saratani ya ini. Wapo wazee waliovuka miaka 75 waliofanyiwa upasuaji, au uvimbe wao ukachomwa kwa sindano maalumu ya joto, wakaendelea na maisha. Kinachoangaliwa zaidi ni mambo matatu: saratani imefika wapi, ini lililobaki lina uwezo gani, na mgonjwa mwenyewe ana nguvu kiasi gani za kuamka, kutembea na kujihudumia. Uliyoandika kuhusu mshipa mkubwa ni jambo zito, kwa kuwa saratani ikishaingia humo, mara nyingi upasuaji na kupandikiza ini huondolewa kwenye hesabu hata kwa kijana wa miaka 40. Basi inawezekana kwamba daktari alikuwa akifikiria mshipa na makovu, lakini kilichomtoka kinywani kikawa umri. Kaka yako akasikia kwamba baba ameachwa kwa sababu ni mzee, na tangu siku hiyo anapigana na neno hilo. Mtoto gani angekubali baba yake aachwe kwa kosa la kuzeeka? Akielezwa sababu halisi kwa utulivu, na mtu mwenye muda, huenda hasira yake ikapata pa kutua.

Kwa hiyo, kabla ya shamba kutajwa tena, lipo swali moja linalostahili kurudishwa kwa daktari, huyo huyo au mwingine: ini la baba liko daraja gani? Madaktari hulipanga ini katika madaraja A, B na C kwa kuangalia vitu vitano, yaani kiasi cha bilirubini (ile rangi ya manjano) kwenye damu, kiasi cha albumini (protini inayotengenezwa na ini), uwezo wa damu kuganda, kuwepo kwa maji tumboni, na kama akili ya mgonjwa imeanza kuchanganyikiwa. Swali hilo lina uzito kwa sababu dawa zinazosifiwa kwa saratani ya ini iliyosambaa zilipimwa karibu zote kwa wagonjwa wa daraja A. Vidonge vya sorafenib, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ukiwa na wagonjwa 602, vilisogeza muda wa kuishi wa mgonjwa wa katikati, yaani muda ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka, kutoka miezi 7.9 hadi miezi 10.7. Dawa mbili za dripu, atezolizumab na bevacizumab, zilizoanza kutumika kwa ugonjwa huu mwaka 2020, zilifikisha miezi 19.2 ikilinganishwa na 13.4 kwa waliotumia sorafenib. Hayo ni maendeleo ya kweli, nami nayaheshimu. Lakini ini likishashuka hadi daraja C, dawa hizo kwa kawaida hazitolewi, maana madhara yake huutangulia msaada wake. Na katika daraja B faida yake ni ndogo na haina uhakika. Kuhusu baba yenu, tumbo lililoanza kujaa linaweza kuwa ni maji, au ni uvimbe wenyewe, na mimi siwezi kulijua hilo kutoka kwenye barua. Daktari anaweza kulijua.

Sasa tuitazame India. Siipuuzi hata kidogo. Wapo Watanzania waliotibiwa huko wakarudi wazima. Ninachoomba mkiangalie ni jinsi matibabu yenyewe yanavyokwenda. Dripu nilizozitaja hutolewa kila baada ya wiki tatu, kwa miezi, muda wote zinapoendelea kumsaidia mgonjwa, na kabla ya kuanza hupaswa kupimwa kwa mpira wenye kamera kama mishipa ya koo la chakula imevimba, kwa sababu mojawapo ya dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu. Je, milioni 40 za wakala ni za safari ya kwanza na vipimo, au ni za matibabu yote? Baba atakaa huko miezi mingapi, na nani atakaa naye? Wakala amewaonyesha barua ya daktari aliyeziona picha za CT, au ametaja bei kabla ya picha kuonekana? Mawakala wengi hulipwa kwa kila mgonjwa wanayempeleka. Jambo hilo haliwafanyi kuwa watu wabaya, ila linatosha kuwafanya nyinyi muulize mara mbili. Kisha kuna lile uliloligusa mwenyewe, la kufia ugenini. Kwa familia ya Kiislamu inayotaka maiti izikwe mapema, na kwa mzee ambaye majirani zake wote wako Kondoa, hilo si jambo dogo la kuachwa lijadiliwe uwanja wa ndege.

Kati ya kwenda India na kukaa nyumbani kuna njia ambayo sijaiona kwenye barua yako. Picha za CT huweza kutolewa kwenye diski pamoja na ripoti na majibu ya damu, zikabebwa na mmoja wenu hadi kwa mabingwa wengine bila baba kunyanyuliwa kitandani. Wewe uko Dar es Salaam, mji wenye Taasisi ya Saratani Ocean Road na Hospitali ya Taifa Muhimbili. Hata hospitali za India huweza kutoa maoni kwa picha zilizotumwa. Mkirudi na maoni ya pili, iwe yanafanana na ya kwanza au yanapingana nayo, kikao chenu cha familia kitakuwa na kitu mezani. Hatari ya njia hii ni muda: saratani ya ini katika hatua hii huweza kwenda kasi, na wiki za kusubiri majibu ni wiki za mzee pia. Ndiyo maana ningependa ifanyike upesi, huku huduma ya nyumbani ikiendelea bila kusubiri.

Nalo shamba, mwanangu, ni la nani? Umeandika “shamba la baba”. Yuko hai, ana akili timamu, na shamba ni lake. Sioni mtawezaje kuliuza bila yeye kujua, maana hata uongozi wa kijiji utauliza mwenyewe yuko wapi na mke wake amesemaje. Mpango wa kaka wa kumficha ugonjwa na mpango wake wa kuuza shamba haviwezi kusimama pamoja, na huenda yeye mwenyewe hajaliona hilo kwa sababu ya uchungu alio nao. Ukimwonyesha kwa upole, wawili tu, nje ya kikao, linaweza kumfikia vizuri kuliko mabishano ya mbele ya wadogo zake.

Hapo ndipo tunafika kwenye la kumwambia. Unasema unaogopa atakata tamaa. Hofu hiyo ina msingi: wapo wazee ambao wakisikia neno saratani hugeukia ukutani wakaacha kula, na wapo wanaowakasirikia watoto kwa kuwaletea habari hiyo. Siwezi kukuahidi kwamba baba yako hatakuwa mmoja wao. Lakini tazama tena alichokuuliza usiku ule. Aliwaona mmesimama na daktari, ameona kaka yako anakwepa macho yake, ameiona sahani iliyotengwa, na mkanda wake ameutoboa kwa mikono yake mwenyewe. Je, kweli hajui? Au anajua kwa namna yake, na anachokosa ni mtu wa kuzungumza naye? Ukimya wenu unamkinga na neno moja, na wakati huo huo unamwacha peke yake na mengine yote.

Kumwambia, hata hivyo, si lazima kuwe kama kusoma hukumu. Mnaweza kumwuliza kwanza: “Baba, daktari ameleta maelezo ya ugonjwa wako. Ungependa uelezwe wewe mwenyewe, au ungependa tumweleze mtu fulani kwa niaba yako?” Akisema mwelezeni kaka yako, atakuwa amechagua, na uchaguzi huo ni heshima pia. Akisema niambieni, mnaanza na kidogo, mnanyamaza, mnasubiri aulize. Wengine huuliza yote siku moja, wengine huuliza robo na kurudi kesho kutwa. Kama yupo shekhe au mzee mwenzake anayemwamini, huenda angependa awepo. Na mkilitazama hili, mkumbuke kwamba ini linapochoka, sumu ambazo lilipaswa kuziondoa hupanda kichwani, mgonjwa akaanza kulala mchana na kukesha usiku, kisha akachanganya majina na mahali. Hali hiyo mara nyingine hurudi nyuma kwa dawa, mara nyingine hairudi. Mzee wa miaka 78 ana madeni anayodai na anayodaiwa, pengine ana amana za watu, ana wasia ambao kwa sheria yenu hauvuki theluthi, ana watu wa kuombana nao radhi. Hayo yanahitaji akili iliyo wazi. Ninyi ndio mnaomjua. Mimi nakuwekea tu upande huo wa mizani, kwa sababu mtu anayeamua kusubiri huwa haoni kwamba kusubiri nako ni uamuzi.

Kuhusu shangazi, naomba usimwone adui. Anaogopa kumpoteza kaka yake, na analeta kile anachokijua. Hata hivyo, ini ndilo linalochuja karibu kila tunachokimeza, na mizizi isiyojulikana kipimo chake yaweza kulimaliza ini lililokwisha kuchoka. Mwombeni awatajie dawa hizo mpeleke jina kwa daktari, au ahifadhi hizo za kunywa na aendelee na dua na kumkanda miguu, ambavyo baba anavihitaji sana. Sahani nayo irudi mezani leo hii. Homa ya ini B haiambukizwi kwa kula pamoja, kwa kushikana mikono, wala kwa kukumbatiana. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Vya kutenga ni wembe, mswaki na kikatia kucha, na anayemsafisha akitokwa damu avae glavu. Kwa sababu hiyo hiyo mama yenu, ninyi nyote watano na watoto wenu mnapaswa kupimwa. Nchini Tanzania chanjo ya homa ya ini B iliingizwa kwenye chanjo za watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo watu wa umri wenu hamkuipata utotoni. Asiye na virusi anaweza kuchanjwa, dozi tatu ndani ya miezi sita. Mwenye virusi anaweza kufuatiliwa na kupewa dawa ya kuvituliza kabla ini halijaharibika.

Uliniuliza kuhusu mahindi. Ni kweli kwamba sumukuvu huchangia saratani ya ini, na inapokutana na virusi vya homa ya ini B hatari huongezeka mara nyingi. Ni kweli pia kwamba mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Lakini virusi hivyo kwa kawaida hukaa mwilini miaka mingi, mara nyingi tangu utotoni, vikitengeneza makovu kimyakimya, wala hakuna kipimo kitakachomwonyesha mtu kwamba gunia fulani la mwaka fulani ndilo lililoleta uvimbe huu. Ulimshauri baba ahifadhi chakula chake asidhulumiwe bei. Hicho ndicho ulichofanya. Kwa ajili ya mama na wajukuu, mahindi yaliyobaki ghalani yakaguliwe, yenye ukungu na yaliyobadilika rangi yasiliwe wala kupewa kuku, kwa kuwa sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Na kukaa nyumbani, ikiwa ndiko mtakakofikia, kusiitwe kumwacha. Tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso, ni tiba, ina dawa zake na wataalamu wake: maji ya tumboni huvutwa akapumua vizuri, mwasho wa ngozi hutulizwa, choo hulainishwa kila siku ili sumu zisipande kichwani, na maumivu makali hutulizwa kwa mofini ya kunywa, ambayo kwa mgonjwa wa ini huanzwa kwa kipimo kidogo na kwa nafasi ndefu zaidi. Watu wengi huiogopa mofini wakidhani inaharakisha kifo. Ikisimamiwa vizuri humpa mgonjwa usingizi, naye akapata tena hamu ya kuzungumza na wajukuu. Mdogo wako, ambaye barua yako imemtaja mara moja tu na kupita, ndiye anayeubeba mzigo huu usiku na mchana. Vyovyote mtakavyoamua, sehemu ya fedha mnazozijadili ingeweza kumlipia msaidizi, na sauti yake kwenye kikao isiwe ya mwisho kusikilizwa.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji kikao wala kura. Sindano za diklofenaki, kwa mtu mwenye ini lenye makovu, huweza kusababisha kutokwa damu tumboni na kuharibu figo. Mpigie simu mdogo wako leo, umwambie azungumze na daktari kabla ya sindano nyingine, aulize kuhusu parasetamoli isiyozidi gramu 2 kwa siku nzima na kuhusu mofini. Tena umweleze kwamba baba akitapika damu, akipata choo cheusi, au maumivu ya tumbo yakimjia ghafla huku akiishiwa nguvu, asisubiri asubuhi.